Mabati ya Kuazima

Jumatatu, 14 Oktoba 2024

Sikukuu. Mtendaji wa kijiji katusomea hotuba juu ya kujitegemea. Kurasa nne. Tumeisikiliza tukiwa kwenye kivuli cha boma la zahanati, ambalo tulilijenga wenyewe miaka sita iliyopita. Makubaliano yalikuwa sisi tupandishe kuta hadi lenta, serikali iezeke. Kuta zipo. Hata kenchi, mbao za kubeba paa, tumepandisha. Juu ya kenchi kuna mbingu.

Baada ya makofi, habari. Halmashauri ina mabati ya boma moja tu katika kata yetu. Ofisa atapita Alhamisi ya wiki ijayo. Ni sisi au kijiji cha Bulimba.

Lazima tuwe sisi. Mkwe wangu Rebeka atajifungua katikati ya Novemba. Mume wake, mwanangu Donatus, yuko machimboni, duara lake, shimo analochimba, halijatoa kitu tangu Machi. Zahanati ya karibu iko kilomita kumi na tisa. Mtoto wao wa kwanza alizaliwa juu ya bodaboda, kabla ya daraja la pili. Hakulia. Siandiki zaidi.

Mimi ni katibu wa kamati ya ujenzi. Nina kidato cha nne. Kazi hii ni yangu.

Jumatano, 16 Oktoba

Nimekwenda Bulimba kwa baiskeli kuchunguza boma lao. Kisingizio: natafuta mbuzi aliyepotea. Katibu wao ni Eustace, tuliyesoma naye. Mtihani wa jiografia alinakili kwangu, akapata alama zaidi yangu.

Mwangaluka, Katibu, Eustace kanisalimu kwa kilugha, mbuzi wa rangi gani. Nikasema wa kahawia. Akauliza mbuzi wa mtu wa fomu foo anapoteaje, kwani hakumfundisha njia. Watu wakacheka. Nilicheka pia, kwa adabu.

Boma lao ni aibu. Hakuna kenchi. Katika chumba cha kujifungulia umeota mpapai, na una matunda. Nimemuuliza kwa nini haukati. Akasema haumsumbui mtu.

Hawa tumeshawashinda.

Ijumaa, 18 Oktoba

Wazo limenijia nikinyoa. Ofisa lazima aone nia. Tutaazima mabati kwenye nyumba za watu, tuezeke boma kwa siku chache. Akiona paa, ataona kijiji chenye watu wa kazi. Akishatuandika, kila mtu atachukua bati lake.

Nimemweleza mke wangu Noela. Alikuwa anakata viazi vya kukausha michembe. Akauliza: Baba Donatus, mgeni akikuta paa lipo, atatupa nini?

Nimemfafanulia kwamba serikali humpa anayeonyesha juhudi. Ilisomwa Jumatatu, ukurasa wa tatu. Aliendelea kukata viazi.

Jumapili, 20 Oktoba

Nyumba thelathini na moja zimetoa. Mimi nimeanza, ili kuonyesha mfano: mabati sita ya chumba cha Rebeka. Anga ni kavu, na ni siku chache tu. Rebeka kahamishia kitanda chake jikoni.

Mzee Jilala, mwenye ng'ombe wengi kuliko watu wanaomsalimia, katoa kumi ya bluu kutoka zizini. Sharti: yarudi Ijumaa. Nimeandika jina la kila mtu kwenye bati lake kwa mkaa, pamoja na idadi ya matundu.

Ngoma ya kulimia ilipigwa tangu alfajiri. Wanaume wakapanda, wanawake wakapokezana mabati, watoto wakashika waya. Hatukupiga misumari, tumefunga tu na kuweka mawe juu. Kufikia saa tisa boma lilikuwa na paa. La bluu, la kutu, la kijani, na moja lenye tangazo la soda. Watu walikaa chini wakalitazama. Mimi pia. Sikumbuki lini mara ya mwisho tulimaliza kitu.

Alhamisi, 24 Oktoba

Ofisa kaja saa nane. Hakushuka kwenye gari. Kashusha kioo, kauliza nani ameezeka. Nikasema sisi wenyewe, kwa nguvu zetu.

Ningeishia hapo. Nikaongeza kuwa halivuji.

Kasema amefurahi sana. Kanipiga picha mbele ya bati la soda. Kasema kijiji chetu kitakuwa mfano kwa wilaya nzima. Kisha kaandika neno moja kwenye karatasi. Nimelisoma kichwa chini: LIMEEZEKWA. Mabati, kasema, atapelekewa yule asiye na paa kabisa. Leo asubuhi kaona mahali mpapai umeota ndani ya wodi. Nusura atokwe machozi.

Nikamwambia mabati haya ni ya kuazima. Akauliza kama namaanisha tumeidanganya serikali. Nikasema hapana, shikamoo. Ni kijana wa miaka thelathini. Kaitikia marahaba na kupandisha kioo.

Ijumaa, 25 Oktoba

Mvua. Ya kwanza ya msimu, saa nane mchana, saa tatu mfululizo. Nyumba thelathini na moja.

Mzee Jilala kaja akidondosha maji kwenye kofia. Kasema: Katibu, ng'ombe wangu wanakusalimu. Kesho asubuhi anakuja na ngazi. Wote wanakuja na ngazi.

Noela kaweka sufuria mahali panapovuja. Kisha ndoo. Kisha beseni.

Jumamosi, 26 Oktoba

Saa moja asubuhi uchungu ukamshika Rebeka. Mapema mno. Jikoni maji yalifika kifundo cha mguu. Barabara imekatika darajani, bodaboda hazipiti. Noela na Mwamvua, mama lishe aliyewazalisha wengi hapa, wakampeleka mahali pakavu pekee kijijini: kwenye boma.

Wenye mabati wakafika. Mzee Jilala, aliponiona, akasema naye amefika kidato cha nne, cha ngazi yake. Mwamvua akatoka na mwiko. Akasema mwanamke yuko chini. Atakayegusa bati ashuke kwanza azae yeye. Mzee Jilala akashuka.

Mvua ikarudi. Watu wote wakaingia chumba cha pili, wamebanana na ngazi zao. Walikuwa wamekasirika, lakini walikuwa wakavu. Hakuna aliyenitazama. Nilikuwa nahesabu kenchi.

Saa kumi na dakika kumi, mtoto wa kike. Alilia. Alilia kwa muda mrefu na hakuna aliyemwambia anyamaze. Mzee Jilala alivua kofia yake yenye maji.

Jumapili, 27 Oktoba

Mkutano. Sikuuitisha mimi. Noela kasimama mbele ya wanaume na kusema mabati hayashuki. Nyumba zitaezekwa nyasi hadi mavuno, kila kaya itasaidia nyingine, kuanzia zile zenye wazee. Watu wamekubali. Mzee Jilala kasema ng'ombe wamewahi kulowa. Katoa na misumari.

Nimeandika muhtasari.

Jioni Eustace kaja kwa baiskeli. Mabati themanini yao yanafika Jumanne. Kalitazama paa letu, kasoma majina ya mkaa, safari hii hakucheka. Kampa Rebeka papai. Kasema wameukata ule mti, lakini hili lilikuwa limeiva.

Lilikuwa tamu. Inaniuma kuandika hivyo.

Jumatatu, 28 Oktoba

Mtendaji kapigiwa simu. Ofisa atarudi tarehe 14 Novemba. Ana muuguzi mmoja wa kupangwa katika kata, atakagua nani anamhitaji zaidi.

Noela kasema tumwonyeshe chumba kitupu, na kitanda cha Rebeka, basi.

Nimelifikiria jioni nzima. Chumba kitupu kinaonyesha uvivu. Serikali humpa mwenye nia. Noela ana joho jeupe la kwaya. Mwamvua ana miwani. Tukiweka meza, daftari na wagonjwa sita kwenye foleni, ofisa ataona kuwa kazi imeshaanza.

Kesho naandika orodha ya wagonjwa. Mzee Jilala anakohoa vizuri.