Kahawa ya Shamba Moja, Kikaango cha Dada

Jumatatu, tarehe 3 Machi
Ninaandika shajara hii kwa sababu moja: nitakapokuwa mwonjaji mkuu wa kahawa, watu watataka kujua nilianzaje, na sipendi wategemee maelezo ya binamu yangu. Mwenye karakana ya kukaanga kahawa anatafuta mwonjaji mwanafunzi. Nafasi ni moja. Nimeomba. Binamu naye ameomba, mtu anayetia sukari kabla hajajua kikombe kina nini. Dada, ambaye ninaishi kwake tangu nihitimu, amesema nikiikosa hii nitakwenda kwenye kazi ya stoo aliyonitafutia shemeji, nisimletee falsafa tena. Stoo ya saruji. Na shahada yangu!

Jumanne, tarehe 4
Nimepata buni mbichi za shamba moja, zisizochanganywa na nyingine yoyote, ili mnywaji auonje udongo wenyewe. Nimezikaanga jikoni kwa dada, nizipeleke kwenye jaribio la Ijumaa. Kikaango kilikuwa kimetoka kukaangiwa samaki. Nikakipangusa kwa karatasi, kwani nimesoma mahali kwamba maji huharibu chuma. Buni zikaanza kupasuka vizuri. Kisha moshi. Mashati ya shemeji yalikuwa yameanikwa dirishani. Dada akauliza iwapo ninakaanga buni au ninabuni tu. Mizaha ya jikoni haijengi taaluma.

Alhamisi, tarehe 6
Shemeji amerudi kutoka kazini amenuna. Wenzake wamempa pole kwa kuunguliwa na nyumba. Alipokanusha, wakasema anajikaza. Nimejifungia chumbani kuonja. Kusema kweli nilisikia uchungu tu, na kitu kingine nisichoweza kukitaja. Nimeandika: waridi, zabibu, ngozi mpya.

Ijumaa, tarehe 7
Msiba. Mwenye karakana alituketisha mimi na binamu meza moja, akamimina kahawa yangu, akataka kila mmoja aseme anachokisikia. Nilianza mimi. Nilitaja waridi, zabibu, ngozi mpya, na mteremko unaotazama mashariki. Binamu akafyonza, akakunja uso, akaniomba radhi kwanza. "Kaka, hii si samaki?"

Mwenye karakana akaonja, akasema kahawa hii kweli imetoka mahali pamoja, napo ni kikaangoni. Akaniuliza kwa upole ni samaki gani. Nafasi amepewa binamu, palepale, kwa kuwa husema anachokisikia. Njiani binamu alinishika bega, akasema nisijali, hata kwa hiyo ngozi nilijitahidi, kwani samaki naye ana ngozi. Sijawahi kudharauliwa kwa huruma kiasi hicho.

Jumapili, tarehe 9
Nimeshinda kitandani nikitazama dari. Dada ameniwekea ovaroli ya stoo mlangoni, imepigwa pasi, bila kusema neno. Afadhali angenitukana.

Nimetafakari sana, na nimefikia uamuzi: kosa ni la kahawa. Ni kinywaji kisichomtendea haki msomi. Chai ni tulivu zaidi. Hivyo nimemwandikia mwenye ghala la chai kwamba majani yake yana ladha ya asali, mwerezi na mvua ya kwanza. Sijayaonja. Amejibu kwamba ulimi wangu umemshangaza, na anataka kuusikia ukifanya kazi mbele yake. Jumanne, saa tatu asubuhi.