Get Kumi na Tisa na Mkono wa Mama Elieth

Jumatatu, 2 Februari

Siku mbaya. Nimemwona Ryoba akicheka na Elieth tena. Mlangoni pa zahanati, saa nne asubuhi, saa za kazi! Nilipita na baiskeli mara tatu kuhakikisha. Mara ya tatu Elieth akaniuliza kama nimepoteza kitu. Nikasema ufunguo. Akanisaidia kuutafuta. Ulikuwa mfukoni.

Maelezo machache, endapo shajara hii itakuja kusomwa na wajukuu wangu. Mimi ni Wilbard, mzaliwa wa Muleba, mwalimu wa Kiingereza hapa Nyarero, mwaka wa nne sasa. Nina digrii. Elieth ni muuguzi wa zahanati, Mkurya wa hapahapa, na ninakusudia kumuoa. Bado hajaarifiwa. Ryoba ni mpishi wa shule yetu. Ana mwiko unaonizidi urefu na ana ng'ombe kumi na mmoja. Mimi nina laptop. Elieth humwita kaka. Kaka! Wote huanza na kaka.

Habari njema: Jumatatu ijayo wanakuja madaktari wa macho kutoka Uturuki. Siku tatu, kuwatoa wazee mtoto wa jicho, bila malipo. Elieth ndiye msimamizi, na anatafuta mkalimani wa kukaa naye meza moja. Meza moja, siku tatu! Nimechungulia dirishani. Viti ni viwili tu.

Jumanne, 3 Februari

Ryoba amejitolea kuwa mkalimani! Mpishi! Nikamuuliza kwa upole atatafsiri lugha gani. Akacheka, akasema cha kwetu, mura, cha kwetu (mura ni kijana, hutuita hivyo sote). Jibu la mtu asiye na jibu.

Nimepeleka maombi rasmi, kurasa mbili, pamoja na nakala ya cheti. Elieth akasema karatasi zote za nini, aje tu anayeweza kusaidia. Kisha akaniuliza Kikurya changu kimefika wapi. Nikamwambia kwa sasa nimeshikwa na mambo makubwa zaidi.

Mambo yenyewe ni Kituruki. Siku tano! Mtu wa kawaida angekata tamaa. Lakini mimi naijua siri ya Kiingereza. Kuna kitenzi kimoja, get, ambacho ni punda wa lugha nzima. Mwingereza hu-get barua, hu-get homa, hu-get kwenye basi, hu-get mke, yote kwa punda huyohuyo. Sasa, nikijua Mturuki husema nini kila mahali ambapo Mwingereza husema get, nitakuwa nimemaliza Kituruki. Kinachobaki ni kukariri. Na kukariri ndiko kulikonifikisha chuo kikuu.

Jumatano, 4 Februari

Waturuki hawana punda! Kila mzigo una mchukuzi wake. Nimekesha na simu mpaka chaji ikaisha. Kupata kitu ni almak. Kufika ni varmak. Kugeuka kuwa kitu ni olmak. Kuelewa ni anlamak. Kupanda gari ni binmek, kushuka ni inmek. Kuamka ni kalkmak. Kupona ni iyileşmek, ambalo bado linanikwaruza koo.

Jumla nimefikisha kumi na tisa. Nimeyaandika yote kwa chaki ukutani jikoni. Kuoa ni evlenmek. Nimelizungushia duara. Kuondokana na mtu ni kurtulmak. Hilo nimelipigia mistari miwili, na pembeni nimeandika jina la mpishi fulani.

Alhamisi, 5 Februari

Nimefanyia mazoezi kidato cha pili. Darasa zima, kwa sauti. Kurtulmak! Kurtulmak! Ilipendeza sana kusikia.

Nikaitwa ofisini. Mkuu wa shule, Mzee Nyangwine, akauliza watoto wanamwapiza nani. Nikasema ni mbinu shirikishi. Akavua miwani. Akasema nina miaka minne hapa na bado nawapita wazee sokoni kimya, kwa nini nisijifunze hata salamu moja ya Kikurya. Wa pili huyu wiki hii! Nashuku wameambizana.

Mchana Ryoba alimpelekea Elieth kiporo cha makande kwenye bakuli lenye mfuniko. Mimi mfuniko huo sijawahi kuuona.

Ijumaa, 6 Februari

Nimepata (almak) mpango. Ryoba hana udhaifu ila mmoja, ng'ombe wake. Nikamvuta pembeni, nikamnong'oneza kwamba afisa mifugo atachanja ng'ombe Jumatatu asubuhi kwenye uwanja wa shule, na kila mwenye ng'ombe lazima awepo mwenyewe, kutwa. Uongo mtupu. Aliniamini mara moja. Alinishukuru kwa mikono miwili!

Kwa muda wa kama dakika moja nilijisikia vibaya. Halafu nikakumbuka lile bakuli.

Jumatatu, 9 Februari

Kwanza, ng'ombe. Ryoba, kwa wema wake usiovumilika, alikiambia kijiji kizima. Nimeamka (kalkmak) nikakuta uwanja haupitiki. Ng'ombe mpaka kwenye goli! Afisa mifugo akaja mbio kwa pikipiki. Nikajiandaa kuona Ryoba akiaibika. Kumbe afisa alikuwa na chanjo kwenye friji tangu Desemba, akisubiri watu wajitokeze. Akachanja wote. Kufikia saa tatu kazi imekwisha, wazee wanampongeza Ryoba, na afisa anamwita mhamasishaji wa mfano.

Pili, Waturuki. Mimi nilikuwa kwenye kiti changu tangu saa moja, nimevaa tai, uwanja wa ng'ombe nikiuona dirishani. Elieth alikuwa ubavuni kwangu! Alikuwa ananukia dettol. Akaingia kiongozi wao, Daktari Nermin, mama mmoja mfupi, mchangamfu. Nikasimama nikammwagia yote kumi na tisa, bila kuvuta pumzi. Akasikiliza mpaka mwisho, mkono kifuani. Akanishukuru kwa Kiingereza kizuri kuliko changu. Kisha akaniomba nimuulize bibi wa kwanza jicho lilianza lini kufifia.

Nikamuuliza bibi kwa Kiswahili. Bibi akaangalia dari. Nikarudia kwa sauti. Bibi akatoa kitambulisho. Wa pili vilevile. Foleni nzima ni wazee wa Kikurya, Kiswahili chao kinaishia shikamoo! Elieth anakijua Kikurya, lakini mikono yake yote ilikuwa kwenye matone ya macho. Akanitazama. Nami nikatazama orodha yangu.

Hapo ndipo Ryoba aliposhuka kutoka uwanjani, ananuka zizi. Neno moja kwa bibi, bibi akacheka, akaeleza kila kitu tangu ujana wake. Elieth akaniomba kwa upole nimpishe Ryoba kiti. Nimeshinda kutwa nachota maji.

Jumanne, 10 Februari

Mama yake Elieth amekuja! Mtoto wa jicho, macho yote mawili, lakini wameanza na la kulia. Na nani alimpokea getini? Ryoba! Alimshika mkono kutoka getini mpaka kitandani. Baada ya upasuaji wakala ugali wa ulezi sahani moja, wakicheka. Alimfuta mdomo! Nilisikia wivu mpaka kwenye magoti. Mtu anamteka mama ili ampate binti, mchana kweupe, na hakuna anayesema neno.

Na mimi? Mimi niliona yote kutoka nyuma ya mlango wa stoo. Ningeenda kumwambia nini? Varmak? Aibu ya jana ilikuwa bado mbichi. Kila mama alipopitishwa, nilijibanza penye marobota ya vyandarua na kuinamisha macho. Mara moja alipita karibu sana, akasimama, akageuza upande wangu jicho lake lililobaki na ukungu. Nikakimbia.

Jumatano, 11 Februari

Leo wamemfungua bendeji. Watu wamejaa. Daktari Nermin akaivuta taratibu. Mama akapepesa, akamwona Ryoba, akamshika shavu, akamwita mwanangu. Hilo nililielewa hata mimi. Kisha akamwona Elieth, akampima mkono kwa vidole, akamlalamikia kwamba amekonda. Elieth alilia. Kusema kweli hata mimi nililia, nyuma ya mlango.

Halafu mama akaona nusu ya uso wangu mlangoni. Akauliza kitu, akajibiwa, akaongeza neno. Watu wote wakaangua kicheko. Ryoba ndiye aliyecheka zaidi! Nilijua tu, ameuliza kama mimi ni mmoja wa Waturuki. Nikaondoka kwa baiskeli bila kuaga.

Jioni Mzee Nyangwine akaja kwangu. Alisoma ukuta wote wa jiko. Kisha akanieleza jambo ambalo ninaliandika polepole, maana siliamini.

Mama hakuuliza kuhusu Uturuki. Aliuliza ni nani huyu kijana anayemkimbia siku mbili, macho chini, hata wakati yeye mama haoni vizuri. Wakamwambia ni mwalimu. Akasema basi huyo ana adabu, huyo amekuja kwa ajili ya binti yangu. Mzee akasema kwa Wakurya mkwe hamkaribii mama mkwe. Hamshiki mkono, hali naye sahani moja, humpisha njia. Ryoba anamshika kwa sababu ni wa ukoo wao, ni mtoto wake, hata angetaka hawezi kumuoa Elieth. Mimi niliyejificha kwenye vyandarua ndiye niliyefanya kama mkwe!

Nikauliza Elieth alisemaje. Mzee akasema alicheka, akaangalia chini, akaenda kuosha vifaa vilivyokwisha kuoshwa.

Jumamosi naitwa kwao. Nitakaa na wajomba, nitakunywa chai, mama atakuwa upande wake na mimi upande wangu. Mzee akarudia mara mbili: usifanye kitu chochote.

Ijumaa, 13 Februari

Furaha yangu ilidumu mpaka saa tano asubuhi. Kisha nikafikiri.

Usifanye kitu! Nani hushinda kwa kutofanya kitu? Na Mzee Nyangwine ni Mkurya, Ryoba ni Mkurya. Elieth naye amenitumia ujumbe, eti kesho kaa mbali tu, mwalimu, utafaulu. Nani amemfundisha maneno hayo? Nilipita jikoni shuleni. Ryoba akanipa ukoko wa ugali, akaniambia kesho nitulie, mura, na yeye atakuwepo kunisaidia. Atakuwepo! Wote neno moja!

Nimepiga hesabu zote ukutani. Ryoba alishika mkono, akaitwa mwanangu. Mimi sikushika, sijaitwa kitu.

Jumamosi, 14 Februari

Nimefika (varmak) saa nane kamili. Tai. Viatu vimeng'aa. Wajomba watatu wamenipokea, chai imekuja, nimekaa mbali nilipoelekezwa. Elieth alipita na birika amevaa kitenge cha kijani, akanitazama mara moja tu, jicho la sekunde, na nikajua. Nilikuwa nimekwisha kufaulu! Mjomba mkubwa alikuwa ameanza kuuliza kama kwetu Muleba tunafuga.

Mama akatoka nyumbani. Ryoba akamshika mkono kumpeleka kwenye kiti. Taratibu. Kwa mazoea. Akamwekea sahani magotini, na mama akampigapiga bega.

Nikasema moyoni, kaa, Wilbard. Kweli nilisema. Lakini miguu ilikuwa imeshasimama. Nimevuka ua mzima. Nimeshika mikono yote miwili ya mama, siyo mmoja kama mpishi, miwili! Nikamwambia evlenmek, lile la duara, kwa sauti, mara tatu. Na ili pasibaki shaka, nikamega tonge kwenye sahani yake, nikala.

Mama alijifunika uso kwa khanga. Mjomba mkubwa aliweka kikombe chini. Birika lilianguka mahali fulani nyuma yangu.

Wajomba wakateta kidogo kwa Kikurya. Ryoba alinitafsiria, na hakuwa anacheka. Alionekana ana huzuni, ambayo ni mbinu nzuri sana. Akasema wazee hawana ubaya na mimi. Wanasema hakuna mkwe afanyaye hivyo, lakini mtoto hufanya. Nimeshika mikono ya mama na nimekula kwenye sahani yake, basi wamenipokea. Kuanzia leo mimi ni mwana wa nyumba hii. Mama, bado amejifunika, alinyoosha mkono mmoja akanipigapiga bega.

Nimeshinda! Bega! Vilevile kama la Ryoba!

Jumapili, 15 Februari

Nimetafakari kanisani mahubiri yote. Naona kila kitu kiko sawa. Kilichokosekana ni maandalizi tu. Get kumi na tisa hazikutosha, zilihitajika ishirini na tano. Nasikia Aprili madaktari wa meno kutoka Korea watafika Mugumu, na Elieth ataazimwa kule wiki nzima. Nimefuta Kituruki ukutani. Jina la Ryoba nimeliacha.

Baada ya ibada nilimkuta Elieth nje, macho yamevimba. Mafua, bila shaka. Nikamwambia nimefurahi kupokelewa kwao, na nikamuuliza tunapanga lini mambo yetu. Alifuta macho kwa leso. Kisha akatoa mkono, akanisalimia vizuri, akaniambia nenda salama, kaka.

Kaka! Wote huanza na kaka.