Paswadi ya Mafuriko

Jumatatu, 4 Mei
Kazi ya mwezi mzima nimeimaliza asubuhi moja! Ofisi yetu hapa Garsen hutuma ujumbe wa simu kuwaonya watu mto Tana unapofurika. Kila mara lazima uandike paswadi. Mimi nimetunga skripti, programu fupi ya kompyuta inayotuma yenyewe, na paswadi nimeitia humo humo. Kubonyeza mara moja tu, watu elfu mbili wana habari. Nuria, mwenzangu wa meza ya pili, akasema paswadi haiachwi wazi ndani ya skripti; iwe na faili yake, ifungwe kwa ufunguo. Wivu.

Jumanne, 5 Mei
Nuria nimemjibu kwa vitendo. Paswadi sasa imeandikwa kinyumenyume. Mstari wa chini yake unaiambia kompyuta iigeuze. Mwizi gani atasoma mistari miwili? Skripti nikaituma kwenye grupu la ofisi zote, watu arobaini, wajionee. Madole gumba kumi na moja! La Nuria halimo.

Alhamisi, 7 Mei
Balaa. Molu wa ofisi ya Hola alitaka kujaribu tu. Akabonyeza. Watu elfu mbili wakaambiwa mto umevunja kingo, wahame. Na jua hili! Saa nne mzee Duba, mfugaji, akaingia na fimbo yake. Ameswaga ng'ombe mia hadi kwenye mwinuko, ndama wawili wanachechemea.

"Kijana, nimekimbia vumbi," akasema. "Ukinitumia tena ujumbe, sitoki."

Nikamweleza kwamba skripti yenyewe ilifanya kazi vizuri sana. Bi Khairat, mkubwa wetu, akaniomba ninyamaze.

Ijumaa, 8 Mei
Mto umejaa kweli. Nikatuma onyo. Hakuna aliyesogea. Nuria akabadilisha paswadi, akaifungia panapostahili, kisha akashika simu na kuwapigia wazee mmoja mmoja, akianza na Duba. Alimwomba radhi kwa niaba yangu. (Sikumtuma.) Alasiri maji yakafunika malisho yote ya Duba. Hapakuwa na hata ndama mmoja; alikuwa amewarudisha wote mwinukoni. Duba alipopiga kushukuru, alimtaka Nuria. Nikampa simu.

Jumatatu, 11 Mei
Bi Khairat ameagiza niende Hola nikazieleze ofisi zote namna ya kulinda paswadi. Heshima iliyoje! Slaidi ziko tayari. Kilichonisumbua ni mfano wa paswadi imara, mpaka nikafikiria hii mpya ya Nuria, aliyonipa leo kwa ajili ya zamu yangu. Herufi ishirini, safi kabisa! Nimeiweka slaidi ya kwanza, kubwa, nyekundu, hata wa viti vya nyuma waweze kuinakili.