Kiti cha Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi

Siku ya kumi na tisa bila mke. Chai nimepika mwenyewe. Ina rangi ya gundi, na ladha yake pia.

Niandike hapa ili haki itendeke: mimi sikumwangusha mama mkwe. Kiti ndicho kilichomwangusha. Ni kweli kiti nilikitengeneza mimi. Ni kweli pia gundi ilikuwa haijakauka, maana niliipaka asubuhi na mgeni akafika mchana. Lakini kilichomuudhi mke wangu si kiti. Ni kwamba nilicheka. Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Mama akanyanyuka, akajipangusa, akaenda zake kwa mwanawe wa kiume. Mke wangu akafunga mzigo, akamfuata. Anataka jambo moja tu: niende nikamwombe mama yake radhi.

Naona haya. Fundi seremala mzima, nianzie wapi? Kwa hiyo nina mpango. Nimesikia mke wangu anasoma Kiingereza jioni, darasa la watu wazima, shule iliyo nyuma ya karakana yangu. Nimejiandikisha! Nitamrudisha kwa Kiingereza, bila kupitia kwa mama yake.

Jumanne, 4 Machi

Madawati ni ya watoto. Magoti yamenifika kidevuni. Mke wangu anakaa mbele, amejifunga kile kitambaa chake cha bluu. Pembeni yake, kinyozi. Kinyozi! Mtu wa marashi. Kila swali mkono juu.

Lakini bahati iliyoje! Wiki hii mwalimu anafundisha maneno ya vitu kukutana. Kumbe Waingereza wanayo mengi. Watu wakikutana njiani ni "meet". Sukari na maji ni "mix". Barabara mbili zikiingiliana zikawa moja ni "merge". Umati ukikusanyika uwanjani ni "gather". Vipande viwili vya mbao ni "join". Hapo nikainua mkono, nikasema hilo ni langu, ndiyo kazi yangu ya kila siku. Mke wangu, bila kugeuka, akamwambia mwalimu kwamba vya huyu fundi huwa havishiki.

Darasa zima likacheka. Mimi nimefurahi. Amenitaja! Mara ya kwanza baada ya siku ishirini.

Jumatano, 5 Machi

Mwalimu ana desturi yake. Kila neno analiandika kwenye kadi mbili, kadi zote anazitia kwenye kopo la maziwa. Kila mtu anavuta moja. Waliopata neno moja wanakaa pamoja, na Ijumaa wanasimama mbele kulionyesha kwa vitendo.

Nilifika mapema kuliko mfagiaji. Kadi moja ya "join" nikaitia mfukoni. Ya pili nikaiweka juu kabisa, maana mke wangu huvuta wa kwanza. Mpango safi!

Mwalimu akaingia, akalitikisa kopo.

Mke wangu kapata "gather" na mama muuza mboga. "Join" ya pili kaivuta kinyozi. Tumekaa dawati moja saa nzima. Shati langu bado linanukia.

Alhamisi, 6 Machi

Kinyozi kaja karakanani tufanye mazoezi. Nikampa stuli mbovu kuliko zote. Akaiangalia, akachagua kusimama. Habari zangu zimeenea.

Nikamuuliza kwa ukali anamtaka nini mke wangu. Akashangaa. Akasema ana mchumba wake, na anakaa mbele kwa sababu macho yake hayaoni ubao. Kisha akaniambia kwamba mke wangu humuuliza kila jioni kama amepita hapa, na kama nimekonda. Nikamuuliza humjibu nini. Akasema humjibu nimekonda.

Mtu mwema sana yule. Nikampa stuli nzima.

Alipoondoka nililia kidogo. Namkosa mke wangu, basi. Kama kuna atakayeuliza, ni vumbi la mbao.

Ijumaa, 7 Machi

Mpango ulikuwa hivi: vipande viwili vya mbao, kimoja mimi, kimoja yeye. Nitaviinua vikiwa vimeshikana na kusema kwa Kiingereza kwamba hakuna wa kuvitenganisha. Kinyozi alinishauri nivigundishe tangu jana. Jana nilikuwa nakariri sentensi. Nikapaka leo saa nane.

Saa kumi na moja tukasimama mbele. Nikaviinua. Nikasema "join". Kipande cha mke kikachomoka, kikamwangukia mwalimu kwenye kidole cha mguu.

Walicheka wote. Mke wangu aliwazidi, kashika dawati kwa mikono miwili. Halafu akawa anajifuta macho, na si kwa kicheko tu.

Kiingereza kikanikimbia. Nikasema kwa lugha yetu, mbele za watu, kwamba sasa najua inavyouma watu wakikucheka umeaibika, na kwamba nyumba imekuwa kubwa mno kwa mtu mmoja.

Mke wangu akasema, "Fundi, hayo kamwambie mama. Mimi nilishakusamehe siku ile ile."

Siku ile ile! Nami nimekunywa chai ya gundi siku ishirini na tatu!

Jumamosi, 8 Machi

Nimekwenda kwa shemeji. Mama mkwe alikuwa mkekani. Viti haviamini tena. Nikapiga goti, nikamwamkia, nikamwomba radhi moja kwa moja.

Akaniuliza, nimwambie ukweli, siku ile alianguka vipi. Mfa maji haachi kutapatapa, lakini nilichoka kutapatapa. Nikamwambia miguu ilitangulia juu, na chai ya kikombeni haikumwagika hata tone.

Mabega yakaanza kumtikisika. Akacheka mpaka shemeji akaja mbio kuuliza kuna nini. Akasema tangu siku ile anatamani kucheka, ila binti yake amemnunia kila mtu kwa niaba yake, hajapata nafasi.

Kisha akatoa amri. Kesho saa kumi atamleta mke wangu mwenyewe, na akute kiti kipya.

Mke wangu alinisindikiza hadi mlangoni, akanishika mkono. Akanisihi gundi niipake leo leo, kiti kilale kimebanwa usiku kucha, maana haraka yangu haijawahi kuona baraka. Nikaapa.

Jumapili, 9 Machi

Nimefagia. Nimerudisha mto wa pili kitandani. Vikombe vitatu, vyote vimeoshwa.

Kiti ni kizuri kuliko vyote nilivyowahi kutengeneza. Kwenye egemeo nimechonga maneno yote matano ya mwalimu, na ua kila pembe. Uchongaji umekula jana yote iliyobaki na asubuhi ya leo, maana ua moja lilifanana na kabichi, ikabidi nilirudie. Gundi nimepaka saa saba.

Sasa ni saa kumi kasoro. Nimeigusa. Inanata kidogo tu. Niliwaza kuwaomba wasubiri hadi kesho, lakini ngoja ngoja huumiza matumbo, na langu limeuma siku ishirini na tano.

Nawasikia njiani. Mke wangu anacheka. Jinsi nilivyoikosa sauti hiyo!

Kiti nimekiegemeza ukutani kisimame vizuri mpaka Mama akikalie. Na safari hii, liwalo na liwe, sicheki.