Falaji Zetu Zote Hazijambo

Kwa furaha isiyo kifani, Ofisi ya Uzima wa Maji, tawi la Ibra, inautangazia umma kwamba falaji zote kumi na nne zilizo chini yake hazijambo. Hakuna hata moja yenye mafua. Hii ni robo mwaka ya tatu mfululizo, na mimi Suud bin Khattab, Mratibu wa Hali na Utangazaji wa Hali, ndiye niliyeandika "haijambo" mara kumi na nne kwa mkono wangu, kwa wino wa kijani.

Wenye wivu wanauliza tumewezaje. Tumeweza kwa nidhamu. Zamani mkaguzi alikuwa akienda kwenye falaji, mfereji wetu wa kale wa kumwagilia mitende, akimuuliza mwenyeji, "Habari za maji?" Mwenyeji humjibu, "Kheri, alhamdulillahi." Kisha inaletwa tende, inaletwa kahawa, finjani ya kwanza, ya pili, ya tatu, mgeni anaitikisa finjani kuonesha ametosheka, ndipo mwenyeji anakohoa kidogo na kusema: "Ila..." Kila mtu wa huku anajua. Hata mtu awe kafiwa na ngamia wake wote, hakwambii kabla hujanywa. Ndiyo adabu. Lakini hiyo "ila" moja ilikuwa ikitumalizia kurasa sita za fomu!

Mkurugenzi wetu, Bwana Thuwaini, aliliona tatizo siku ya kwanza tu. Akatoa waraka: ukaguzi ni dakika mbili, kahawa marufuku. "Suud," akaniambia, "jibu si wanalitoa mwanzo? Basi chukua jibu, ondoka. Yanayofuata ni maneno tu." Wallahi, mwenye akili kazaliwa nayo. Mwezi uleule maradhi ya maji yalipungua kwa asilimia mia. Akabuni na rangi tano za kuujulisha umma hali ya falaji, zote za kijani, ili watu wasishtuke.

Kwa hiyo nilistaajabu sana Bi Khole alipokuja ofisini. Bibi huyu alitoka Unguja na wazee wake akiwa msichana, na shamba lake ndilo la mwisho kwenye Falaji Mazari. Marehemu mumewe alikuwa wakili wa falaji hiyo, yaani msimamizi wa zamu za maji, na alipofariki fomu zetu zikaendelea kwenda nyumbani kwake, kwa sababu kulibadilisha jina kunahitaji sahihi ya marehemu.

"Shikamoo, bibi. Habari za falaji?"

"Marahaba, mwanangu. Kheri tu, alhamdulillahi." Akafunua kikapu, akatoa dele la kahawa.

Nikamzuia. Nikamwonesha waraka ukutani.

"Kahawa marufuku? We Suud, mama yako anajua unafanya kazi mahali pa namna hii?"

"Bibi, jibu lako nimeshaliandika."

"Jibu gani? Mimi sijasema kitu bado! Mitende yangu tisa imekufa, mwana we! Aliipanda marehemu kwa mkono wake. Imebaki ishirini na miwili, na maji yanayonifikia hata paka hayamtoshi, yananuka, samaki wanaelea chali. Kiangazi kikiingia hivi, sitabaki na kitu!"

Machozi yakamlenga. Sitasema uongo, moyo uliniuma. Lakini zilikuwa zimepita dakika mbili na nusu. Nikamwomba aje robo mwaka ijayo.

Matokeo yetu yakafika mbali. Kutoka Maskati akaletwa Mkaguzi Mkuu, Bwana Nabhan, atutunukie ngao, na hafla ikapangwa shambani kwa Bi Khole, kwa kuwa Falaji Mazari ilikuwa na kijani kilichokoza kuliko zote. Matayarisho niliyasimamia mimi. Kila hatua kumi niliweka chetezo cha udi. Samaki waliolala chali niliwaandika kuwa wako mapumzikoni.

Bwana Nabhan alikuwa mtu mzima, mama yake wa Malindi, Unguja, Kiswahili chake hakina kutu. Akamwamkia Bi Khole, akauliza, "Habari za falaji, bibi?"

"Kheri, alhamdulillahi."

Mkurugenzi akapiga makofi, akanyoosha mikono aipokee ngao. Mgeni akavua viatu, akakaa mkekani, akatulia.

"Mheshimiwa, tunasubiri nini?" akauliza Mkurugenzi.

"Kahawa."

"Tumeipiga marufuku. Tunaokoa muda."

"Muda wa nani?"

Swali hilo halimo kwenye waraka. Bi Khole akamimina. Mgeni akanywa moja, akanywa mbili, akanywa tatu, akaitikisa finjani. "Haya, bibi. Nambie."

"Ila," akasema Bi Khole, "mficha maradhi kifo humuumbua, baba." Akasema saa nzima. Sijawahi kuona "ila" ndefu namna ile.

Mgeni akainuka, akaufuata mfereji kwenda juu, sisi nyuma yake na ngao yetu. Huko juu, maji yote yalikuwa yakiingia kwenye nyumba ya mapumziko ya Mkurugenzi, ndani ya hodhi kubwa ya kuogelea, na machache yenye dawa ya kuwasha macho ndiyo yaliyorudi falajini.

"Hii nini?"

"Hodhi ya Utafiti, Mheshimiwa."

"Na hilo bomba la buluu?"

"La kupimia kasi ya maji."

"Mnapima kwa nini?"

"Kwa watoto wangu," akasema Mkurugenzi. "Wanateleza."

Bwana Nabhan hakupiga kelele. Aliamuru hodhi ifungwe saa ileile, maji yarudishwe njia yake, na Mkurugenzi mwenyewe ayaongoze kwa jembe mpaka mitende yote ya bibi inywe, mmoja mmoja. Ngao akanipa mimi niishike, akaenda zake kuswali.

Basi Mkurugenzi akaingia shambani na joho lake. Akafungua tuta, akaziba tuta, akaanguka, akainuka. Kufika alasiri, tope lilikuwa limempanda mpaka kiunoni, na Bi Khole anamfuata nyuma: "Huo haujanywa, mwanangu. Usiudhulumu." Maji yalikuja mengi, meupe, na bibi alikuwa akicheka na kulia pamoja.

Mtende wa mwisho ulipokunywa, Mkurugenzi akaegemea jembe, akitweta.

"Ishirini na miwili, bibi! Si ndiyo nimemaliza?"

Nyuma ya ukuta niliwasikia majirani wanakohoa. Bi Khole akaifuta finjani kwa pindo la kanga, akamwangalia kwa huruma kubwa.

"Kheri, mwanangu, alhamdulillahi," akasema. "Njoo kwanza unywe kahawa."

Jembe likamponyoka mkononi.