Sufuria Iliyorudi Bila Kifuniko

Kuanzia Jumatatu, kutoka katikati ya Lubumbashi hadi uwanja wa ndege wa Luano, hakuna mhusika wa filamu anayeruhusiwa kutamani kitu bila kukisema kwa sauti. Ndivyo ilivyoamua Tume ya Uwazi wa Hisia, na mwenyekiti wake ni mimi. Nina diploma, na nimelea watoto wangu peke yangu. Mtoto akitaka mkate, anasema mkate. Mapenzi nayo yafuate utaratibu.

Wa kwanza kuitwa alikuwa Keren Ngosa, mwandishi wa filamu. Kamera aliyoazima ilikuwa ya kurudishwa Jumapili. Bila muhuri wetu, filamu imekufa.

Tulisoma. Chilufya, mjane, analetewa sufuria ya sombe, majani ya muhogo, na jirani yake David. Anakula, anaosha sufuria, anairudisha. Kifuniko anabaki nacho.

"Huu ni wizi," alisema makamu wangu, Bwana Osée.

"Hapana, papa," alisema Keren. "Anataka David akuye kukitafuta."

"Basi aseme!"

"Akisema, filamu inakwisha palepale."

"Vizuri, tutaokoa petroli ya jenereta," nilisema. Nikamwandikia maneno mimi mwenyewe: "Jirani David, mimi Chilufya, mwenye akili timamu, natangaza kwamba nakutamani."

Keren alilaza kichwa mezani. Nilidhani ni shukrani.

"Mama Présidente, muntu gani anasemaka vile?"

"Mtu mwaminifu. Anayezuia kifuniko bila tamko ni mwizi. Iandikwe."

Muhuri mwekundu wa kukataa ulikuwa tayari hewani mlango ulipogongwa. Akaingia Faustin, mtunza nyaraka wetu, mgane, ambaye huniletea chai kila asubuhi. Mkononi alikuwa na thermos ya chai isiyo na kifuniko.

"Pardon, Mama Présidente. Unarudishaka thermos, lakini kifuniko inabakiaka huku. Nakuya kuichukua, kama kila siku."

Osée alitazama dari. Keren aliinua kichwa taratibu.

"Mama," aliuliza kwa heshima kubwa, "ile iko wizi, ao iko tamko?"

Nilieleza kwamba kifuniko kile kiko chini ya uchunguzi wa kiufundi. Osée, msaliti yule, alinisogezea kalamu.

"Mwenye akili timamu, natangaza…" alinikumbusha.

Nilichukua muhuri wa kijani. Filamu ya Keren ilipita bila kuguswa hata neno, na tume ikavunjwa kwa manufaa ya umma.

Faustin alikuwa bado amesimama mlangoni.

"Na kifuniko, mama?"

"Haiyakauka bado, papa Faustin," nilisema. "Urudie kesho."