Sifuri ya Mheshimiwa

Siku ya Jumatatu, saa nne kamili asubuhi, Wizara ya Maji na Mambo Yatokanayo ilitangaza kwamba kuanzia siku hiyo maji ya nchi hii hayatakuwa hasi tena. Tangazo lilisomwa redioni mara tatu, likabandikwa kwenye milango ya ofisi zote za serikali, na kwa kuwa gundi ilibaki, likabandikwa pia kwenye mlango wa choo cha maabara. Hapo ndipo Mama Chupa alipolisoma, ndoo mkononi, maana choo hicho nacho kilikuwa hakina maji.

Alilisoma mara mbili. Kisha akasema, "Mungu wangu, wamesoma ripoti yangu!"

Tuwe waungwana, tuseme ukweli: Wizara haikuwa na desturi hiyo. Mama Chupa alikuwa ameandika ripoti ishirini na mbili, moja kila mwaka, na zote zilipokelewa kwa mhuri na kuwekwa chini ya kompyuta ili ziinue kioo. Ni mtaalamu wa isotopu thabiti, cheo ambacho mlinzi wa getini huandika "Bi. Isoto" ili asichelewe chai. Jina la Mama Chupa lilimpata kwa sababu ya mkoba wake, ambao haujawahi kukosa chupa ndogo za kioo. Mvua ikianza, watu hukimbilia barazani, yeye hutoka nje na faneli. Katika picha za harusi ya kaka yake mwenyewe, bwana harusi na bibi harusi wamesimama chini ya mwavuli wakitabasamu, na nyuma yao kuna mwanamke aliyechuchumaa kwenye majani akikinga mvua.

Kazi yake, ukiiondolea majina makubwa, ni hii. Ndani ya maji kuna oksijeni nyepesi na oksijeni nzito kidogo. Wingu likipanda mlima, ile nzito hudondoka kwanza, kwa hiyo maji ya kule juu huwa mepesi kuliko ya bondeni, na tofauti hiyo haifutiki hata ukiyapitisha kwenye bomba refu namna gani. Mpe kikombe cha maji, ayaingize kwenye mashine yake, atakwambia yametoka wapi. Namba zenyewe hupatikana kwa kulinganisha na maji ya bahari, ambayo wataalamu wa dunia walikubaliana kuyaita sifuri. Na kwa vile mvua ni nyepesi kuliko bahari, maji ya visima, mito na chemchemi husoma chini ya sifuri. Hasi mbili, hasi tatu, hasi tano. Hakuna ubaya wowote hapo, ni namba tu.

Lakini asubuhi ile Waziri alikwama ndani ya lifti na rundo la mafaili, akafunua ripoti ya kwanza iliyokuwa karibu, akaona jedwali la nne, akaona alama za kutoa zimejipanga kutoka juu hadi chini. Akaagiza tangazo kwa simu, kisha akamwita Mama Chupa, kabla hata lifti haijafunguliwa.

"Daktari," alisema kupitia mwanya wa mlango, "nani kakutuma uandike kwamba maji yetu yana upungufu?"

"Si upungufu, Mheshimiwa. Ni tofauti na bahari."

"Na bahari nani kaipa ukubwa?"

"Ni makubaliano ya wataalamu, Mheshimiwa."

"Sisi tulikuwepo?"

"Hapana, Mheshimiwa."

"Umeona sasa!" alisema Waziri, na kile kidole chake kilichokuwa kinaonekana kikatikisika kwa uchungu wa kizalendo. "Wamekaa bila sisi, wakatupa hasi."

Hivyo ndivyo ilivyoundwa Kamati ya Kitaifa ya Kuyainua Maji. Mwenyekiti wake alikuwa Katibu Mkuu, mtu mpole anayeongea polepole kama anayesoma masharti nyuma ya chupa ya dawa. Katibu wake alikuwa Mwanasheria wa Wizara. Mama Chupa aliteuliwa kuwa mjumbe mwalikwa asiye na kura wala soda.

Mjumbe mmoja alipendekeza alama ya kutoa ipigwe marufuku. Mwingine akauliza kama maji hayawezi kupewa semina. Mama Chupa, kwa kuwa ni mwanasayansi na hawezi kuona hesabu mbovu akanyamaza, akajitia kimbelembele akaeleza. Alisema kama shida ni alama tu, basi dawa ni ndogo: chukueni maji mepesi kuliko yote nchini, muyaite hayo sifuri. Mengine yote yatakuwa chanya.

Wajumbe walipiga meza kwa furaha. "Na maji mepesi kuliko yote ni yapi?" aliuliza Katibu Mkuu.

"Yalikuwa ya Chemchemi ya Mlimani. Hasi saba nukta mbili. Lakini ndiyo hivyo tena, imekauka."

Katibu Mkuu alipanga kalamu zake upya. "Daktari," alisema, "chemchemi haikukauka. Ilistaafu kwa mujibu wa umri. Tusiwasumbue wastaafu."

Ni kweli, ndivyo tangazo la miaka mitatu nyuma lilivyosema. Chemchemi imeutumikia umma vya kutosha, imestaafu, na ili ipate faragha imezungushiwa uzio wa mabati na askari wawili. Tangu siku hiyo mabomba ya mtaa wa chini, yale yaliyokuwa yakilishwa na chemchemi hiyo, hayajatoa hata tone. Watu wa mtaa huo huchota kisimani, mwendo wa nusu saa, maji yenye chumvi ambayo hayatoi povu la sabuni. Mmoja wao ni mama yake Mama Chupa, miaka sabini na mmoja, goti la kushoto bovu. Mwezi uliopita aliteleza na ndoo njiani, akakaa chini kwenye tope mpaka jirani alipopita. Binti yake amemsihi ahamie kwake, naye hujibu vilevile kila mara: "Nihame kwangu kwa sababu ya bomba? Bomba ndilo lirudi."

Basi kamati ikaamua. Mwanasheria alisema kipimo cha taifa hakiwezi kutoka mtoni ambako mbuzi wanakunywa. Lazima kitoke mahali penye hadhi. Zikaletwa chupa kutoka majumbani mwa waheshimiwa kwa kufuata itifaki, ya Waziri ikiwa imefungwa utepe. Kiambatisho kilieleza kwamba mtaa wa waheshimiwa unatumia visima vyake vyenyewe, virefu na vya kisasa.

Mama Chupa anavijua visima vya mji huu. Vyote husoma hasi tatu. Aliweka maji ya Waziri kwenye mashine, akaenda kuchemsha chai, akarudi. Hasi saba nukta mbili.

Akasafisha sindano, akarudia. Hasi saba nukta mbili. Akapima na hidrojeni, maana nayo ina nzito na nyepesi. Akafungua daftari la zamani, la wakati alipokuwa anapanda kule chemchemini kila mwezi kwa miguu yake. Oksijeni sawa. Hidrojeni sawa. Mlima wenye urefu wa kutoa maji mepesi hivyo uko mmoja tu, na juu yake chemchemi iko moja tu. Alikaa kwenye kiti, akamwona akilini mama yake kwenye tope. Hasira ilimpanda mpaka chai ikamshinda.

Alikwenda moja kwa moja kwa Katibu Mkuu. "Mzee, maji ya Mheshimiwa yanafanana na ya chemchemi. Hayafanani kidogo. Ni yaleyale."

Katibu Mkuu alimtazama kwa huruma ya kikazi. "Daktari, barua yako ya uteuzi inasema upime au ufananishe?"

"Nipime."

"Basi pima. Kuna kituo chetu cha utafiti kule kwenye majangwa ya chumvi kinatafuta mtu wa kufananisha. Nyumba ipo, ila haina paa. Ungependa?"

"Hapana, mzee."

"Nilijua wewe ni mtu makini. Umeyasoma maelekezo? Aya ya saba inasema vipimo vyote vya zamani vihesabiwe upya kwa kipimo kipya, bila kuacha hata kimoja, na jedwali lote lisomwe hadharani siku ya uzinduzi. Waziri anataka watu wazisikie chanya zao. Tekeleza."

Mama Chupa alisimama kidogo mlangoni. "Bila kuacha hata kimoja?"

"Hata kimoja. Au unataka nikuandikie?"

"Ningeshukuru, mzee."

Akaandikiwa, ikapigwa mhuri. Na hapo lazima tumsifu, kwa maana watumishi wa namna hii ni wachache: alitekeleza. Wiki mbili hakuinua kichwa. Alihesabu upya mito, mabwawa, mvua ya harusi ya kaka yake, kila kitu. Siku ya Jumapili akapita kwa mama yake.

"Mama, Jumatano kuna uzinduzi wizarani. Mtaa wenu mtaletewa lori mwende mkapige makofi. Usikose."

"Nikapigie makofi maji ambayo siyaoni? We mtoto una wazimu."

"Nenda ukasikilize tu, mama. Sikiliza namba."

Mama yake alimkata jicho, kisha akamtazama vizuri zaidi. "Kuna nini?"

"Mimi ni mtumishi wa umma, mama. Siruhusiwi kufananisha."

Jumatano uwanja wa Wizara ulijaa. Chupa ya Waziri iliwekwa juu ya mto mwekundu wa sufi chini ya mwavuli. Mwanasheria ndiye aliyefungua, akasoma sheria mpya kutoka Gazeti la Serikali kwa sauti ya mtu aliyeitunga mwenyewe. Maji ya nyumbani kwa Mheshimiwa ndiyo sifuri ya taifa. Maji yoyote yatakayosoma sifuri yatahesabiwa kuwa ni maji yaleyale ya Mheshimiwa, na hakuna mtu, ofisi wala mahakama itakayohoji. Atakayekanusha kipimo hiki atakuwa ametenda kosa, na atakamatwa papo hapo. Vifungu hivyo viliwekwa, alifafanua, ili kumlinda Mheshimiwa dhidi ya waigaji.

Kisha Waziri akalishika jedwali, miwani puani. "Mto wa Mashariki: chanya nne!" Makofi. "Bwawa Kuu: chanya kumi na moja!" Makofi, vigelegele. Bwawa lile limekaa juani miaka mingi, oksijeni yake nyepesi nyingi imepaa, lakini Waziri alilipongeza kwa juhudi. "Kisima cha mtaa wa chini: chanya nne nukta mbili! Mnaona? Mlikuwa hasi, ndugu zangu, leo ninyi ni watu!" Wa mtaa wa chini wakapiga makofi kwa mikono iliyobabuka kwa chumvi.

"Chemchemi ya Mlimani, kabla ya kustaafu," aliendelea Waziri, hana hili wala lile, "sifuri!"

Watu wachache wakapiga makofi. Wengine wakaacha katikati. Pale mbele mwanamke wa miaka sabini na mmoja akainuka, mkono mmoja kwenye goti.

"Mheshimiwa, shikamoo yako kama unaipokea. Mimi sikusoma sana. Huyo baba mwenye karatasi si amesema sifuri ni maji ya kwako?"

Waziri alitazama jedwali. Akatazama chupa juu ya mto. "Haya... haya ni makosa ya uchapaji."

"Kwa hiyo sifuri si yako?"

"Ndiyo, si yangu! Nakanusha kabisa! Hiyo sifuri ni uongo!"

Ofisa wa polisi aliyekuwa zamu pale hakuwa na ubaya na mtu. Alikuwa amesikiliza sheria kwa makini, kwa kuwa ndiyo kwanza imetungwa. Akatoa daftari, akasogea. "Samahani, Mheshimiwa. Umekanusha mara moja au mara mbili?"

Mwanasheria alimrukia Waziri sikioni. Haijulikani alimwambia nini, lakini Waziri aliirudia maikrofoni kwa sauti ya mgonjwa. "Nakiri," alisema. "Ni maji yaleyale."

Lo! Uwanja ulilipuka, na safari hii si kwa makofi. Kina mama waliosombwa na lori kuja kushangilia walikataa kupanda lori kurudi. Walikaa pale wizarani siku mbili, wakachota maji ya matangi ya Wizara, wakafua, wakaanika nguo kwenye bendera za uzinduzi. Siku ya tatu Wizara ilitangaza, kwa furaha kubwa, kwamba Chemchemi ya Mlimani imerejeshwa kazini kwa mkataba. Na kwa kuwa utumishi hauruhusu mtumishi mmoja kushika vituo viwili, bomba la mtaa wa waheshimiwa lilifungwa.

Mama Chupa alikuwa kwa mama yake asubuhi ile. Bomba lilikohoa, likatema kutu, likanyamaza. Likakohoa tena. Maji yalipotoka, mama yake aliweka mkono chini yake akauacha hapo, na binti yake akalia bila kujificha.

Saa tatu foleni ilikuwa imefika barabarani, ndoo kwa ndoo, vicheko kwa matusi ya kirafiki. Gari jeusi la serikali likasimama. Akashuka dereva wa Waziri, suti na tai, madumu manne, akapita foleni yote hadi mbele.

"Shikamoo mama. Naomba nipishwe, nina haraka. Haya ni maji ya Mheshimiwa."

"Marahaba, baba. Tunajua ni yake," alisema mama yake Mama Chupa, ndoo yake ikiendelea kujaa. "Gazeti la Serikali limeandika. Nenda nyuma kule, baada ya yule mama mwenye beseni."